Namba Saba za Mgongoni

Mwaka wa vita mimi nilikuwa ubao wa darasa.

Chuo chetu kilikuwa chumba kimoja nyuma ya wodi ya wanaume, katika hospitali ndogo ya misheni wilayani Biharamulo, na ndani yake hamkuwa na ubao wala chaki. Tulikuwa wanafunzi kumi tuliomaliza kidato cha nne, tukijifunza kazi ya kukanda viungo. Kozi ilianzishwa kwa ajili ya watoto waliopooza miguu na wazee waliolemazwa na ukoma. Vita vilipoanza, tukaambiwa kwamba sasa tungekanda askari watakaoletwa kutoka Kagera. Mwalimu wetu, sista mmoja wa makamo mwenye viganja vipana kama vya mkulima, alikuwa na picha moja tu ya misuli ya mgongo, nayo ilikuwa imeliwa na mchwa kuanzia kiunoni kwenda chini. Ndiyo maana alitufundishia juu ya migongo yetu wenyewe. Kila wanafunzi wawili walipewa kichupa cha jivii, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, na kijiti chenye pamba nchani. Mmoja alilala kifudifudi mezani, mwenzake akachora.

Aliyelala, kila siku, nilikuwa mimi.

"Lala, bwana," alisema mwenzangu, Msukuma mmoja mwenye mabega kama mlango wa ghala. "Wewe huna nyama ya kuficha kitu. Kila msuli unaonekana kama mizizi juu ya njia."

"Leo nichore mimi basi."

"Mgongo wangu umejaa maziwa ya mama. Utatafuta kombe la bega mpaka vita viishe."

Nilipocheka akanichapa kibao cha kiuno. "Tulia. Ubao haucheki."

Sista hakutaka majina ya Kilatini yatuchanganye mwanzoni, akaipa misuli namba na kazi zake. Moja ni ule mkubwa wa juu, unaoanza kisogoni, unatandaa mabegani, kisha unashuka na kuchongoka katikati ya mgongo, kama joho fupi la padri. Mbili ni mpana wa chini, unaotoka kiunoni na kupanda hadi kwapani; huo ndio unaovuta jembe likishazama ardhini. Tatu imejificha kati ya uti wa mgongo na kombe la bega, inayarudisha makombe pamoja mtu anapopanua kifua. Nne iko jirani yake, ni nyembamba na fupi. Tano inatoka shingoni kushikilia pembe ya juu ya kombe; hiyo ndiyo inayoinua bega mtu anaposema "sijui". Sita ni nguzo mbili zinazosimama kando ya uti, kuanzia nyonga mpaka shingo. Saba iko chini kabisa, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga.

Leo nayaandika haya kwa urahisi, lakini siku zile sikuyajua. Wenzangu waliiona michoro na kuikariri kwa macho. Mimi niliona mbao za meza na miguu ya sista ikipita. Nilichokipata ni baridi ya dawa, kisha kidole cha mwenzangu kikibonyeza, kisha sauti yake ikitaja namba. Nikajipa moyo kwamba nitasoma daftari kabla ya mtihani.

Mtihani wenyewe ulitutia hofu kuliko mitihani mingine. Hakuna aliyetamka waziwazi, lakini wote tulijua kwamba anayeshindwa anarudi kijijini kwake, na kijana mwenye nguvu aliyekaa bure kijijini mwaka ule aliandikishwa mgambo na kupelekwa mbele. Kila siku malori yaliyopakwa matope ili ndege zisiyaone yalipita kwenda kaskazini, yakiwa yamejaa vijana wanaoimba. Yaliyorudi yalirudi kimya.

Mtihani ulipangwa Jumatatu. Ijumaa jioni mwenzangu alinichora kwa mara ya mwisho, akarudia mistari mara mbili ili isififie, akaandika na namba zote saba. Jivii haitoki kwa maji wala sabuni. Huondoka na ngozi yenyewe. Kabla haijakauka ukaja ujumbe kutoka nyumbani Ngara. Mama alikuwa amesikia kwamba wanafunzi wa hospitali wamepelekwa vitani. Alisema hali wala halali, anataka anione kwa macho yake. Sista alinipa ruhusa ya siku mbili kwa mdomo. Barua ya ruhusa hakuniandikia, na mimi sikuiomba. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Jumamosi asubuhi nilipata nafasi nyuma ya lori la chumvi. Tulikuwa abiria kama kumi, wengi akina mama. Tulipita Lusahunga tukaingia msituni, na huko mbele, kwenye kibanda cha zamani ambapo magari yalikuwa yakikaguliwa mbung'o, tukakuta gogo limelazwa barabarani. Zamani kwenye kibanda kile alisimama mtu mmoja mwenye wavu, akinasa wadudu na kukusalimia. Siku ile walisimama mgambo sita. Wawili walikuwa na bunduki, wengine marungu.

"Wanawake wabaki juu. Wanaume chini, vueni mashati."

Niliuliza sababu kwa sauti ndogo. Mzee mmoja aliyekuwa akishuka pamoja nami akaninong'oneza kwamba wanatafuta alama za mabegani. Ilisemwa kwamba maadui wanavuka wakiwa wamevaa kiraia, wakijifanya wakulima, lakini mkanda wa bunduki na mzigo wa askari huacha alama ambayo shati halifuti. Kijana mmoja tayari alikuwa amekamatwa. Alikaa chini kando ya kibanda, kifua wazi, mikono imefungwa kwa kamba ya katani, na ngozi ya bega lake la kulia ilikuwa imechubuka na kuwa nyeusi.

Wanaume wengine wakavua. Mimi nikasimama na vifungo vyangu mkononi.

"Ndugu, husikii?"

"Nasikia, afande."

"Sasa?"

Ningeweza kueleza kwanza, kabla ya kuvua. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Lakini badala ya kusema nikavua shati taratibu na kuuelekeza mgongo kwenye ubavu wa lori, kama mtu anayeficha. Mgambo mmoja akanishika kiwiko akanigeuza.

Kisha nikasikia mwanamke mmoja juu ya lori akisema, "Yesu wangu."

"Kamanda! Njoo uone huyu!"

Kamanda wao alikuwa mtu mfupi wa umri wa baba yangu, amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali. Alitembea akinizunguka. Nilisikia pumzi zake nyuma ya shingo yangu.

"Hii ni nini?"

"Misuli, mzee."

"Misuli gani ina namba?"

"Tazama, kamanda," alisema kijana wake mmoja, na nikahisi ncha ya rungu ikinichuna kushuka katikati ya mgongo. "Hii ni balabala kubwa. Hii hapa njia ya Ngara. Hii inakwenda mpakani. Na namba ni kambi zetu. Moja, mbili, tatu… Anakwenda kuwaonyesha kwa mgongo!"

"Mimi ni mwanafunzi wa hospitali."

"Barua ya chuo?"

"Sina."

"Barua ya balozi wako wa nyumba kumi?"

"Nimeiacha chuoni."

Kijana akacheka. "Barua ameiacha, ramani amekuja nayo."

Nilianza kutetemeka, na mwili ukitetemeka michoro nayo hutetemeka, kwa hiyo wakasema naficha kitu. Sikuogopa kupigwa. Niliogopa gari la wilayani. Tulikuwa tumesikia kwamba wanaoshukiwa ujasusi huchukuliwa jioni na gari hilo, na katika yote tuliyoyasikia hakuna aliyetuambia habari ya mtu aliyerudi nalo. Nilimwaza mama, ambaye alitaka tu kunitazama.

Wakapekua mfuko wangu, wakatoa daftari. Kamanda alilichukua, akakaa juu ya gogo, akalifungua gotini. Alisoma kwa kidole, midomo ikicheza, akiunganisha silabi moja baada ya nyingine kama watu wazima waliojifunza katika madarasa ya kisomo. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Nilimwona akipita ukurasa wa kwanza, wa pili.

"Humu pia pana namba," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mzee. Ndizo hizo."

"Jasusi pia anaweza kuandika daftari." Akainuka. "Tazama mbele. Nitakugusa. Utaniambia namba na kazi yake. Ikipishana na daftari, utalala wilayani."

Nikafumba macho. Namba zile sikuwahi kuziona mgongoni mwangu hata mara moja. Nilijaribu kulikumbuka daftari, ukurasa ukaniponyoka. Kisha kidole chake, kigumu kwa jembe, kikanigusa ubavuni chini ya kwapa. Pale pale nikaisikia baridi ya dawa ya siku zote zile na sauti ya mwenzangu juu ya kichwa changu.

"Mbili," nikasema. "Unavuta jembe."

Nikasikia karatasi ikigeuzwa. Akagusa juu ya bega.

"Moja. Unashikilia kichwa na mabega."

Kando ya uti.

"Sita. Unasimamisha mtu wima."

Kati ya uti na kombe la bega.

"Tatu. Inarudisha mabega nyuma."

Sijui nilivyojua. Nilikuwa nimelala mezani miezi mitatu nikidhani sijifunzi chochote, na kumbe ngozi ilikuwa ikiandika. Sasa kila alipogusa nilijibu kabla hata ya kufikiri, na hofu haikupungua ila iliongezeka, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe asiyoyaona. Akagusa pembe ya juu ya kombe, karibu na shingo.

"Tano. Inainua bega."

Karatasi haikugeuka.

"Daftari linasema tano," kamanda akasema polepole. "Mgongoni pameandikwa nne."

Nikafumbua macho. Kijana mwenye rungu akasogea.

"Mwenzangu amekosea kuandika, mzee."

"Mwenzako. Kwa hiyo kuna mchoraji."

"Ni mwanafunzi kama mimi."

"Anaitwa nani? Anakaa wapi?"

Nikaona nimemwingiza na yeye. Ningesema jina, gari lingepita chuoni. Nikasema jambo la kwanza lililonijia: "Mzee, ramani ni ya mahali pamoja. Hii wewe unayo. Na huyu anayo. Nikikosea kwenye mgongo wangu, mwambie yeyote avue shati."

Vijana wakaangua kicheko. "Anatuita ramani!"

Kamanda hakucheka. Alimwashiria kijana wa rungu. "Vua wewe, unayejua barabara zote."

"Mimi, kamanda?"

"Vua."

Akavua, amenuna. Mgongo wake ulikuwa mpana, wenye chale mbili ndogo za dawa za kienyeji kiunoni. Niliweka mkono kwenye pembe ya juu ya kombe lake la bega. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kugusa mgongo wa mtu mwingine kwa kazi.

"Inua bega, ndugu. Kama unasema sijui."

Akainua. Kamba ndogo ikakaza chini ya vidole vyangu, pale pale.

"Mzee, weka mkono."

Kamanda akaweka kidole pembeni ya changu. "Inua tena," akaamuru. Akaihisi. Nikamwambia kijana avute makombe nyuma, na ile tatu ikajikusanya. Nikamwambia ainame kama anapalilia, na zile nguzo za sita zikasimama kando ya uti kama magogo mawili. Kila mara kamanda aliweka mkono baada yangu. Mwishowe akajigusa bega lake mwenyewe ndani ya koti la mvua, akainua, akashusha.

"Ni kweli," akasema, kama anayejiambia mwenyewe. "Ipo."

"Unanitekenya, kamanda," kijana akalalamika, na hata wanawake juu ya lori wakacheka.

Mimi pia nilitaka kucheka. Kamanda akanirudishia daftari na kusema nivae, na nisirudie kutembea nchi ikiwa vitani na maandishi mwilini. Nilikuwa nimeshaingiza mkono mmoja katika shati aliposema:

"Ngoja. Wewe unajua migongo."

Akanielekeza kwa kidevu kwa yule kijana aliyefungwa kando ya kibanda.

"Huyu anasema alama ile si ya bunduki. Anasema alibeba ingobyi. Mpime."

Ingobyi ni machela ya kusuka ambayo kwetu Ngara wanaume huwabebea wagonjwa, inaning'inia kwenye mti mrefu unaobebwa begani, wawili mbele wawili nyuma, wakipokezana vilimani. Baba yangu aliibeba mara nyingi. Hakuna mwanamume wa kwetu asiyeijua.

"Mlibeba nani?" nilimuuliza kijana kwa Kiswahili, maana mgambo walikuwa wakisikiliza.

"Shemeji yangu. Mtoto alikuwa amekataa kutoka. Tumemfikisha zahanati alfajiri. Wenzangu wamebaki naye, mimi natangulia kuwaambia nyumbani."

"Kila mmoja amebeba ingobyi wiki hii," alisema mgambo mwingine. "Wagonjwa wote wa nchi hii wametokea wapi?"

Nikapiga magoti nyuma ya kijana. Hakunitazama. Bega la kulia lilikuwa na moto, na ule msuli wa kwanza, wa joho, ulikuwa umekakamaa kama kamba iliyolowa na kukaukia juani. Nikashusha mikono kando ya uti. Nikafika chini, kati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Upande wa kulia palikuwa laini. Upande wa kushoto, pale kwenye namba saba, palikuwa pagumu kama ubao. Nilipobonyeza alishtuka na kuuma meno.

Vidole vyangu vilisimama hapo. Vilijua kwamba kuna jambo. Bega limeumia kulia, kiuno kimekaza kushoto, kwa nini? Nilihisi jibu liko karibu, kama jina la mtu linalokataa kufika mdomoni. Mkanda wa bunduki ungefanya hivyo? Sikujua. Sista alikuwa ametufundisha kila msuli na kazi yake. Jinsi misuli inavyosaidiana chini ya mzigo alikuwa ametuahidi kwa muhula uliofuata.

"Haya, mganga," alisema kamanda. "Bunduki au ingobyi?"

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyoogopa kwa ajili yangu. Nikisema ingobyi, na wakajua baadaye kwamba ni adui, nani amemtetea? Mtu asiye na barua, mwenye namba mgongoni, wa Ngara kama yeye. Shati langu lilikuwa bado limening'inia kwenye mkono mmoja. Kijana aligeuza uso, akanitazama kwa mara ya kwanza. Akaniambia kwa Kihangaza, taratibu, maneno machache tu: wewe ni wa kwetu, sema.

Kumsikia akizungumza lugha yetu mbele yao kulinitia hofu zaidi. Sikumjibu kwa Kihangaza. Nikainuka, nikafuta mikono kwenye suruali.

"Hatujafika huko katika masomo, mzee," nikasema. "Sijui."

Na nilipokuwa nikisema, mabega yangu yakainuka yenyewe.

Kamanda alinitazama muda mrefu, nadhani alikuwa akisubiri neno jingine. Alikuwa mtu aliyetaka kuambiwa. Kisha akasema, "Basi wilayani watajua," akaamuru gogo liondolewe. Nilipanda lori. Mama mmoja akanipisha niegemee gunia la chumvi, na chumvi ikanichoma pale mgambo aliponichuna kwa rungu. Hakuna aliyenisemesha mpaka Ngara.

Mama alinipokea uani. Nilimpa shikamoo, akaniitikia huku akinigusa uso, mikono, kifua, kama anayehesabu kama nimekamilika. Sikumwonyesha mgongo. Jumatatu nilifaulu mtihani, wa pili katika darasa. Sista alinisifu kwamba nina vidole vyenye macho, na mwenzangu akasema ubao wake umesoma kuliko yeye.

Muhula uliofuata, siku moja ya mvua, sista alimwita mwanafunzi mmoja akamtwika ndoo ya maji kwenye mkono wa kulia, akamwambia asimame. Akatuita tuguse kiuno chake, upande wa kushoto. Palikuwa pagumu kama ubao. Mzigo ukiwa kulia na mzito, akatueleza, wa kushoto ndio unaoushikilia mwili usianguke. Mtu akibeba hivyo mwendo mrefu, saba ya upande wa pili hukaza kwa siku nzima. Kitu chepesi, kama fimbo au bunduki, hakiwezi kufanya hivyo. Nilitoka darasani nikasimama chini ya mvua mpaka akaja kuniita.

Baadaye nimekanda migongo sehemu nyingi: madereva wa malori pale Nyakanazi, wachukuzi wa Kabanga, wakimbizi waliojaa Benaco. Sijakaa mahali pamoja zaidi ya miaka miwili. Kila ninapopita vijiji vya upande ule wa Ngara nauliza habari za kijana aliyekamatwa mwaka wa vita akitoka kumpeleka shemeji yake zahanati. Watu hufikiri, kisha huniuliza anaitwa nani, mtoto wa nani, wa kijiji gani. Sikumuuliza lolote kati ya hayo. Ninachoweza kuwaeleza ni bega lake la kulia na kiuno chake cha kushoto, na hakuna anayemtambua mtu kwa hivyo.